Nyumba Yangu Mwenyewe, Nami Nihamie Paani?

Mpendwa Sudhamani Akka,

Pokea salamu zangu na uzisamehe kwa vumbi la pilipili, maana barua hii naiandikia kwenye mashine yangu ya kusaga, juu ya gunia la ulezi la mteja, na kila baada ya mistari mitatu napiga chafya. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya tarehe ishirini na nane. Jina langu usilichapishe, niite Mama Mashine. Mume wangu gazeti lako hulifungua upande wa kriketi tu, lakini mama mkwe wangu husomewa ukurasa wako wote na jirani, na masikio yake ni mazima kuliko magoti yake.

Akka, dada yangu mkubwa, mimi ni mwenye nyumba. Ukipita nyuma ya kituo cha basi hapa Laggere, Bengaluru, utaiona, ya rangi ya waridi, kiwanja cha futi ishirini kwa thelathini, chini tunakaa sisi, juu yetu anakaa mpangaji mmoja mzee, juu yake wanakaa wauguzi wawili wa kike, na juu yao kuna paa lenye tanki la maji, kibanda cha bati na nguzo nne nilizozisimamisha zikisubiri ghorofa inayofuata. Wapita njia huniita tajiri. Ukweli ni kwamba mimi ni mtumishi wa ndani wa mpangaji wangu, na sijui nimefikaje hapa, au tuseme najua, ndiyo maana naandika.

Miaka mitatu iliyopita tulipomaliza ghorofa ya kwanza, dalali wetu Muniraju alikuja na pikipiki yake akiwa amempakia mzee mmoja nyuma, nitamwita Mzee Nanjundayya ingawa si jina lake, mkaguzi wa tiketi wa reli aliyestaafu, mjane, ana binti mmoja tu aliyeolewa Davanagere. Alitaka kukaa kwa bhogya. Tukakubaliana kama watu wote wanavyokubaliana hapa mjini, yaani yeye anaweka mkononi mwetu laki nane kwa mpigo, anakaa miaka mitatu bila kulipa kodi hata rupia moja, na siku akitoka tunamrudishia laki nane zake zote bila kupungua. Zilikuwa kiinua mgongo chake chote. Tukatia sahihi kwenye karatasi ya mhuri, tukanywa kahawa, na mume wangu, ambaye hukereza vyuma kiwandani Peenya na si mtu wa maneno mengi, alisema hivi: "Hizi hela si zetu, zimekuja kwetu matembezi tu. Zikalale benki." Nikamwambia zitalala.

Akka, zililala siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili fundi aliyetujengea alipita kudai masalio yake, akasimama paani akatazama juu, akasema saruji imeshuka bei na msimu wa mvua uko mbali, na zile nondo, Akka, zile nondo zinazochomoza juu ya nguzo ukishamaliza ghorofa, mtu mwingine huona vyuma, mimi huona vyumba. Naziona zina mapazia. Naona wapangaji wanaanika nguo. Basi nikaenda benki nikazitoa hela zote, nikajenga ghorofa ya pili, na mume wangu aliponiuliza tumejenga kwa hela gani nikamwambia ni dhahabu yangu niliyouza na mchezo wa kina mama ulioniangukia, naye akaamini mara moja, hata hakuuliza mara ya pili, na ndicho kinachoniunguza mpaka leo, angeniuliza mara ya pili ningesema.

Sasa ona nilivyojikaanga. Mume wangu anajua laki nane ziko benki zinazaa. Kila baada ya miezi mitatu ananiuliza, "Riba ya mzee imeingia?" Nami naingia kinuni, natoa elfu kumi na tatu za pilipili na ulezi, nampa nikisema, "Imeingia." Kwa riba hiyo amenunua televisheni, anamnunulia mama yake mafuta ya magoti, na kiwandani ameshawaambia wenzake kwamba benki ndiyo mpangaji bora, haina kelele wala haibomoi ukuta. Akka, benki ni mimi! Benki inapiga chafya!

Na kodi ya wale wauguzi, elfu kumi na nne kila mwezi, usiulize. Imekuwa nguzo nne.

Mzee Nanjundayya mwaka wa kwanza alikaa kimya, nikamsahau. Halafu asubuhi moja akashuka ngazi, akasimama mlangoni kwangu amevaa koti kana kwamba yuko kazini, akakohoa, akasema, "Mama, nafikiria kwenda kuishi kwa binti yangu Davanagere. Nikiamua, mtakuwa tayari?"

Nikasema, "Kwa nini mzee wangu? Umekosa nini kwetu?"

Alinitazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulitegemea, akasema, "Aa... basi, ni ile kahawa ya asubuhi. Kujipikia peke yangu kunachosha."

Kuanzia kesho yake nikampandishia kahawa. Baada ya miezi miwili akashuka tena na koti lake. "Nafikiria Davanagere. Mtakuwa tayari?" Nikaongeza dosa, chapati ya unga wa mchele. Mara ya tatu nikachukua kufua mashuka yake. Mara ya nne nikampaka rangi chumba, na kwa kuwa rangi ile ilimkumbusha ofisi ya stesheni, nikapaka upya. Mara ya tano alisema mashine yangu inamkatiza usingizi wa mchana, basi sasa naifunga saa saba mpaka saa tisa, na wateja wangu wamehamia kwa mshindani wangu wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye ulezi wake una mchanga. Mama mkwe aliponiona napanda na dosa ya nne akaniita, akaniuliza mbele ya watu, "Wewe, huyu mzee tumempangisha nyumba au tumemuoa?"

Miaka yake mitatu inaisha baada ya sikukuu ya Deepavali. Najua utasema, dada, si utafute mtu mwingine wa bhogya kwa ghorofa ileile, wa mbele amlipe wa nyuma kama wafanyavyo wote? Nimetafuta. Muniraju ameleta watu wanne, na kila anayekuja lazima aone vyumba, na vyumbani yumo yeye. Wa mwisho walikuwa mtu na mkewe kutoka Tumakuru, watu wa heshima, laki nane na nusu ziko tayari. Mzee akawapokea mwenyewe mlangoni.

"Mmeonyeshwa bomba la jikoni?" akawauliza.

"Hapana, lina nini?"

"Linaimba. Na ukutani pale, wekeni mkono. Mnasikia unyevu?"

"Ni baridi ya asubuhi tu hiyo, mzee wangu!" nikadakia.

"Mimi nimekaa humu miaka mitatu," akasema. "Na wewe, bwana, unafanya kazi gani? Kitambulisho unacho?"

Yule bwana akatoa kitambulisho, Akka, nyumbani kwangu, kikakaguliwa mbele na nyuma, akarudishiwa. Hawakurudi. Nilipomuuliza mzee kwa nini, akanijibu kwamba mwanamume yule ana macho ya mtu anayesafiri bila tiketi. Na wiki ileile akashuka na koti kuniuliza kama tutakuwa tayari!

Hapo ndipo Muniraju akanipa wazo, na wazo lenyewe limenikaa kifuani kama tonge la ulezi lisilotafunwa. Kuna muuza peremende mwenye duka kubwa, anataka kukaa chini, hataki ngazi, na yuko radhi kuweka laki kumi na mbili. Chini, Akka, ndiko kwetu. "Laki nane unampa mzee, umemalizana naye," Muniraju akanipigia hesabu akiwa hata hajashuka kwenye pikipiki, "laki nne unamalizia ghorofa ya tatu, na nyinyi mnakaa pale paani kwenye kibanda cha bati kwa mwaka mmoja tu. Upepo wa bure. Watu wanalipia upepo huo mjini."

"Na mama mkwe? Magoti yake hayapandi ngazi mbili, na pale ni ngazi hamsini na moja."

"Tutambeba kwenye kiti, Akka, kama mungu wa maandamano."

"Halafu atashukaje?"

"Kwani ana safari?"

Nilicheka. Naona aibu kukuandikia, lakini nilicheka, na nikamwambia Muniraju amlete muuza peremende Alhamisi na kishika uchumba chake.

Sasa Jumapili iliyopita mume wangu aliamka asubuhi akaleta chuma kirefu cha kushikilia alichokikereza mwenyewe kiwandani kwa siku tatu wakati wa mapumziko ya chakula, kimelainishwa mpaka ukikishika hakikukwaruzi popote. Akakifunga ukutani, njia nzima kutoka kitanda cha mama yake mpaka bafuni. Mimi ndiye niliyekuwa nampa skrubu. Mama mkwe akakishika, akaenda bafuni peke yake kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ya mwaka mpya, Ugadi, akarudi analia, akasema, "Sasa hata nikifa nitafia kwangu nikiwa nimesimama." Mume wangu akageuka upande akajifanya anatafuta nyundo. Nami nilikuwa nimeshika skrubu mkononi huku najua kwamba Alhamisi inayofuata ukuta ule naupa muuza peremende.

Mume wangu hajui lolote, Akka. Nifanye nini? Nichukue laki kumi na mbili, nimlipe mzee, niwahamishie watu wangu paani huku nikijidai ni kwa ajili ya upepo? Au nizidi kumpandishia dosa mpaka Mungu aamue? Na tafadhali usiniambie niuze nyumba. Kama ni hilo, bora usijibu.

Ni mimi,
Mama Mashine, Laggere


JIBU LA SUDHAMANI AKKA

Mama Mashine, mdogo wangu,

Kwanza futa pua, na barua nyingine usiandikie juu ya ulezi wa watu.

Nimeisoma barua yako nikicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akasogeza kiti. Nilipofika pale kwenye "Kwani ana safari" nikaacha kucheka, nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo, kwa hiyo nivumilie. Mama wa watu mwenye magoti mabovu apandishwe ngazi hamsini na moja, awekwe kando ya tanki chini ya bati, mwezi wa nne jua la Bengaluru limkaange kama papadi, ili wewe upate vyumba vingine vya kupachikia mapazia? Unasema umekuwa mtumishi. Hapana. Wapita njia wanasema wewe ni tajiri. Nao wamekosea. Wewe ni mlevi, mdogo wangu, ila pombe yako ni saruji, na Muniraju ndiye mwenye kilabu.

Sikwambii uuze nyumba, tulia. Ungekuwa na shida ya nyumba ningesema. Shida yako ni ya mdomo. Kuna maneno machache unayopaswa kuwaambia watu wawili, na kwa sababu umeshindwa kuyasema umejenga ghorofa nzima, umefunga mashine saa mbili kila siku, umepaka chumba rangi mara mbili, na umejifanya benki. Sijawahi kuona ukimya uliogharimu hela nyingi hivyo.

Sasa hebu tumtazame huyo mzee wako, maana umeishi naye miaka mitatu ukimwangalia tumboni tu. Unasema anataka kuhama. Mtu anayetaka kuhama, akiletewa watu wenye laki nane na nusu mkononi, huwavulia kofia na kuwaonyesha dirisha linaloingiza upepo. Huyu amewaonyesha bomba! Mara nne hela zake zimeingia mlangoni kwa miguu yao, na mara nne amezifukuza. Davanagere haendi. Nina hakika hata huyo binti hajaambiwa.

Basi anashukia nini na koti lake? Soma tena barua yako mwenyewe, mdogo wangu. Kila mara anauliza neno lilelile, mtakuwa tayari? Wewe hujalijibu hata siku moja. Anakuuliza kuhusu hela zake, unampa kahawa. Anarudi, unampa dosa. Anarudi, unamfulia mashuka! Maskini mzee wa watu, mara ya kwanza ilibidi abuni shida ya kahawa papo hapo, wewe mwenyewe umeandika kwamba alishtuka. Na mtu aliyekagua tiketi maisha yake yote hadanganyiki kwa dosa. Anawajua wote wasio na tiketi, kuna anayejifanya amelala, kuna anayekimbilia chooni, na kuna yule anayemkaribisha mkaguzi karanga na kumuuliza habari za watoto. Wewe ni huyo wa karanga. Kadiri unavyomtendea wema ndivyo anavyozidi kuogopa, maana anajiuliza, mwenye nyumba gani duniani humfulia mpangaji mashuka kama si yule aliyekwisha kula hela zake?

Kwa hiyo mna hofu nyumba nzima. Wewe unaogopa ataondoka, yeye anaogopa hawezi kuondoka, na katikati yenu anapita mama mkwe akiuliza kama mmeoana. Ni mwanamke mwenye akili kuliko nyote, nitamrudia.

Haya, shika haya ninayokwambia, na usichague yale matamu ukaacha machungu.

Muniraju mpigie simu leo, si Alhamisi. Mwambie muuza peremende atafute pengine. Ataanza kukuita Akka mara kumi kwa pumzi moja na atakuambia nafasi kama hii hairudi. Mwache aseme, wewe kata simu. Kazi ya dalali ni kuona mlango ukifunguliwa na kufungwa, kila ukifunguliwa anapata chake, na mlango wako umeshamlisha vya kutosha.

Jioni, mume wako akishakula na kunawa, mwambie. Usianze na mvua wala bei ya saruji. Sema, "Zile hela hazikulala benki, niliziweka ghorofa ya pili, na riba uliyokuwa unaipata ni ya mashine yangu." Mama mkwe awepo. Najua unamwogopa, lakini akisikia kwamba mafuta ya magoti yake miaka yote hii yametoka kwenye pilipili yako na si benki, sidhani kama atakaa upande wa mwanawe. Mume wako atanyamaza. Mtu anayekereza chuma siku tatu ili mama yake asikwaruzike kiganja huwa hapigi kelele, hunyamaza, na ukimya wake utakuuma kuliko kelele. Umestahili. Kaa hapohapo uumwe, usikimbilie kinuni. Umesema angekuuliza mara ya pili ungesema. Si kazi yake kukuuliza mara ya pili, alikuwa amekuamini.

Nguzo zile nne zifunike. Mwambie fundi azipake nondo maji ya saruji zisiote kutu, kisha umlipe masalio yake asipite tena kwako kutazama juu. Sisemi hutajenga kamwe. Nasema utajenga kwa hela ambayo hakuna mtu mwingine anayeamka asubuhi akiiwaza.

Sasa hela. Umenitajia tarakimu zote mwenyewe, ila hukuziweka sahani moja kwa kuwa ulijua zitakachosema. Wauguzi wanakupa elfu kumi na nne kwa mwezi. Mashine imekuwa ikitoa elfu hamsini na mbili kwa mwaka kumlipa mume wako riba ya uongo. Ukijumlisha unapata laki mbili na elfu ishirini kwa mwaka, kila mwaka, bila kuuza kijiko. Deni la mzee linaisha katika miaka minne bila kufika mwisho wake. Na mashine ikianza kusaga tena saa saba mchana, wateja wakaukimbia ule mchanga wa jirani yako, litaisha mapema zaidi. Mwanamke uliyeweza kumlipa mume wako riba ya hewa kwa miaka mitatu bila kukosa hata mara moja, usiniambie huwezi kulipa deni la kweli.

Mzee umwandikie mkataba mpya. Akae, maana anataka kukaa, na sehemu ya hela zake umrudishie kila mwezi, benki kwa benki, mbele ya macho yake. Zikifika nusu, aanze kukulipa nusu ya kodi. Zikiisha zote, awe mpangaji wa kawaida kama wauguzi, na wewe utakuwa na ghorofa mbili zinazokulisha na hudaiwi na mtu. Na safari hii karatasi isiishie kwenye mhuri na kahawa. Iende ofisi ya msajili wa hati, isajiliwe, gharama ulipe wewe. Akikataa, akasema anataka zake zote kwa pamoja baada ya Deepavali, ni haki yake, na hapo wewe na mume wako mtakwenda benki kukopa kwa dhamana ya nyumba, mkijua mnalipa nini na mpaka lini. Riba itauma, lakini mtakuwa bado mnalala chini, wote watatu. Sidhani atakataa.

Umeniuliza kama uendelee na dosa mpaka Mungu aamue. Mungu ana kazi zake. Dosa acha mwezi mmoja, ili mzee ajue kwamba unachomwambia ni ukweli na si kiburudisho. Baada ya hapo kama utataka kumpelekea, mpelekee kama jirani. Mashuka afue mwenyewe.

Utaniuliza nimejuaje yaliyomo moyoni mwa mzee ambaye sijamwona. Nitakwambia, na mume wangu atanisamehe kwa kulianika gazetini. Sisi wawili tunakaa kwa bhogya Rajajinagar, ghorofa ya pili, mwaka wa sita huu. Laki kumi na moja, bei ya shamba la marehemu mama yangu, hatuna kingine. Kila mwezi nashuka kwa mama mwenye nyumba na malalamiko. Nimelalamikia bomba, nimelalamikia taa ya ngazini, mwezi uliopita nimelalamikia paka. Yule paka nampenda, mdogo wangu, nampa maziwa mimi mwenyewe. Nashuka ili nimtazame mama yule usoni. Naye hunikaribisha vizuri, hunipa kahawa, hunichekea, ananiahidi paka atafukuzwa, nami narudi juu sijui zaidi ya nilivyoshuka nikijua. Miaka sita hajapanda zile ngazi hata mara moja kuja kuniambia hela zangu ziko wapi.

Wewe panda.